Sinia Moja ya Cheri

Siku ya jina la Magdolna, sikukuu ambayo kalenda ya Wahungari huitengea kila jina, haalikwi mtu. Watu huja wenyewe, na ole wake mwenye jina akutwe na meza tupu. Mwaka huu siku hiyo ilimkuta mkono wa kulia umefungwa plasta, na daktari alikwishamwambia wazi kwamba hata ukipona, hautavuta donge la unga tena.

Rétes ya cheri chachu, ile keki ya unga uliovutwa mwembamba kama karatasi na kukunjwa, ndiyo iliyokuwa fahari yake. Aliyemtia hofu ni mdogo wake Ilona, anayekuja kila mwaka na macho ya kupimia watu, asije akasema dada amekwisha.

"Gáspár, nawa mikono," akamwambia mumewe. "Leo unapika wewe. Na Ilona akija, domo kufuli."

"Mimi? Mama wee, mimi hata yai la kuchemsha hunipasukia!"

"Ndiyo maana tunafanya sinia moja tu. Ukiharibu, uharibu kidogo."

Magdolna akatawala akiwa kitini. Gáspár akatandaza donge juu ya kitambaa cha meza, akapitisha mikono chini yake, akalivuta kwa migongo ya viganja huku akiizunguka meza, mpaka maua ya kitambaa yakaanza kuonekana. Ghafla pete yake ya ndoa ikanasa. Unga ukachanika tundu la kupita ngumi.

"Pete, mzee! Pete huvuliwa kwanza!"

"Haijatoka tangu kanisani."

"Paka sabuni. Usiogope, kwa sura hiyo hakuna wa kukuchukua."

Wakacheka wote wawili, na pete ikatoka. Wakaumwagia siagi, makombo ya mkate, cheri na sukari, kisha wakaanza kukunja kutokea upande wa tundu, likamezwa katikati.

Ilona alifika rétes ingali ya moto. Akala kipande, akala cha pili.

"Dada, nisamehe. Nilidhani mkono wako umekwisha. Kumbe hata huo wa kushoto unanishinda!"

Gáspár akatazama dari, mdomo kaubana kama alivyoagizwa. Magdolna alikuwa na jibu tayari, kalifanyia mazoezi tangu asubuhi. Lakini alipomwona mumewe ana unga mpaka kwenye nyusi, moyo ulimjaa mapenzi.

"Umekwisha kweli," akasema. "Kazi hii ni ya Gáspár."

Ilona akaacha kutafuna. Akamtazama shemeji yake, akaitazama sahani, akavuta kipande cha tatu.

"Shemeji, mwezi ujao ni siku ya jina langu. Uje mapema unipikie. Na wewe dada, uje umsimamie. Peke yake simwamini."