Fundo la Kikwembe

Kwetu Muheto, katika milima ya Masisi, mtoto huanza kubebwa mgongoni mara tu kitovu kinapodondoka. Hakuna anayekaa kulifikiria jambo hilo. Njia zetu ni za kupanda na kushuka, matope yake yanateleza kama sabuni, na mama anahitaji mikono yake yote miwili, mmoja wa jembe, mwingine wa kushika majani ya kando asije akabiringika hadi bondeni. Mtoto anawekwa mgongoni, kikwembe kinapitishwa chini ya makalio yake, kinavutwa kwa nguvu, kinafungwa fundo kifuani. Fundo likilegea, wanawake wakubwa watakugombeza hata kama hawakujui. Dada yangu mkubwa hakuwahi kugombezwa. Siku moja aliteleza kwenye mteremko, akashuka kwa kifua mpaka ndani ya shamba la watu, na mtoto mgongoni hata hakuamka. Tulicheka wiki nzima.

Mtoto huyo alikuwa msichana wa miezi minne, na baba yake alikuwa hajamwona. Shemeji aliondoka Muheto dada akiwa na mimba, wakati ule mashamba yetu ya maharagwe yalipogeuka njia ya watu wenye bunduki. Alienda Itebero, ndani ya msitu wa Walikale, akaomba kipande cha shamba, akapanda mihogo. Mihogo ilipokomaa akapiga simu akasema tumfuate. Picha ya mtoto aliitazama katika telefone ya jirani, akatangaza kwamba mtoto anafanana kabisa na mama aliyemzaa yeye shemeji. Dada alicheka mpaka machozi, kwa sababu kwenye ile picha kilichoonekana vizuri kilikuwa kofia.

Basi tukaondoka, dada, mtoto na mimi. Mimi nilibeba gunia dogo la maharagwe ya mbegu kichwani. Dada alikuwa na kazi moja tu, kumfikisha mtoto kwa baba yake, mzima na mnene. Kila tulipopumzika alimnyonyesha hata kama hakulia. Tulipanda moto, pikipiki za abiria, pale pesa iliporuhusu, tukatembea pale njia ilipokataa moto, na kila kijiji tulichopitia milima ilizidi kuwa mifupi na miti ilizidi kuwa mirefu. Mwishoni tukafika mahali ambapo daraja lilikuwa limeanguka zamani na watu wanavushwa kwa mtumbwi.

Sisi watu wa milima hatujui maji. Tunajua vijito. Mto wa kwetu unauvuka kwa kukunja nguo hadi magotini, unanawa uso, unaendelea na safari. Ule ulikuwa mpana, rangi ya chai nzito, na haukupiga kelele yoyote. Jina lake sitalitaja, umesingiziwa mambo ya kutosha.

Mwenye mtumbwi alikuwa mzee mwembamba, mkali, macho mekundu. Kulikuwa na jilé moja tu ya kuokolea, fulana ya kuelea majini, ya rangi ya machungwa, nayo aliikalia ili suruali yake isilowe. Alisimama mbele yetu akatupa masharti yake kwa sauti moja, kama anayefukuza mbuzi.

“Munisikilize bote! Hakuna kupiga muluzi. Hakuna kuita muntu jina juu ya maji. Kila muntu atupe jani moja mu maji mbele ya kupanda. Na hakuna mutoto wa mugongoni. Mama, fungua!”

Dada alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Yeye alikuwa wa kwaya, mtu wa sala za asubuhi, na tangu tuingie msituni alikuwa akininong’oneza kwamba huku watu bado wanayo mambo yao ya zamani, nisile kitu nisichokiona kikipikwa.

“Papa, miye niko mukristo,” akasema. “Jani sitatupa. Na mutoto wangu siwezi kumufungua juu ya mashetani ya mu mto.”

“Fungua, mama. Hapa njo vile.”

“Juu ya nini?”

“Njo vile!” Ndivyo ilivyo, hakuna zaidi.

Hapo ndipo ninapokasirika mpaka leo. Mzee yule alijua ni kwa nini. Alikuwa ameishi kando ya maji yale maisha yake yote, alikuwa ameona. Angesema maneno matatu ya maana, dada angefungua, kwa sababu dada hakuwa mjinga na alimpenda mtoto wake kuliko kwaya. Lakini mzee aliliweka sharti la mtoto katika kapu moja na la mluzi na la jani, akayasema yote kwa sauti ileile, na dada akayakataa yote kwa pamoja. Alivuta kikwembe, akalikaza fundo zaidi.

Nyuma yetu watu walianza kupiga kelele. “Muache! Mvua inakuja! Papa, twende!” Mzee akatema mate, akachuma jani, akalitupa majini kwa niaba yetu, na tukapanda sote, tumebanana.

Katikati ya mto hakukutokea kitu. Nilikuwa nimefumba macho, nilipoyafumbua nikaona ng’ambo imekaribia, na shemeji amesimama kwenye tope, kando ya moto ya kuazima, amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuwa anapunga mikono yote miwili. Dada aligeuka upande kidogo ili mgongo wake uonekane, ili baba aone hata kichwa. Kichwa hakikuonekana, kilikuwa kimefunikwa. Alicheka, nakumbuka meno yake.

Ilibaki hatua chache tu za mtu mzima. Mfanyabiashara mmoja aliyekaa mbele na bidoni yake, dumu la mafuta ya mawese, akasimama ili awe wa kwanza kuruka. Mzee alimfokea akae. Hakukaa. Mtumbwi ukalala upande mmoja, sote tukaegemea upande wa pili kwa hofu, na tukapinduka.

Maji niliyokunywa siku ile yalikuwa na ladha ya majani. Sikujua kuogelea, bado sijui. Nakumbuka gunia langu likizama na mimi nikiling’ang’ania kana kwamba lingenipandisha. Mkondo ukanivuta kutoka pale watu walipo. Mara mbili uso wangu ulitoka nje, na mara zote mbili nilimwona dada. Alikuwa amekamata tawi la mti lililoinamia maji, mikono miwili, ameegemea nyuma ili mdomo ubaki juu, anapiga kelele: “Niko muzima! Niko muzima!”

Nilifurahi. Nataka niliandike hilo jinsi lilivyo. Nilipokuwa ninakufa nilifurahi kwamba dada amepata tawi.

Shemeji alikuwa amejifunza kuogelea kule Itebero. Alijitupa majini na shati lake. Alimwona mkewe, akamsikia, akampigia kelele, “Shika sana, usiache!” Kisha akampita, akanifuata mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa ninakwenda na maji. Wanaume wengine watatu walioingia majini walifanya hivyohivyo. Wote walimpita dada. Mtu aliyeshika tawi na anayesema yuko mzima anaweza kungoja kidogo, ndivyo mtu yeyote angefikiri. Waliwafuata waliokuwa wanachukuliwa, wakatutoa wote, hata mfanyabiashara, hata bidoni yake.

Shemeji alinivuta kwa nywele. Aliponilaza kwenye tope nilitapika, na katikati ya kutapika nikasikia mwanamke mmoja wa pale akiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, “Na mutoto?”

Mtu akishika tawi na kuegemea nyuma ili apumue, uso wake unakuwa juu na mgongo wake unakuwa chini. Hayo ndiyo yaliyohitaji kusemwa ng’ambo ile. Yanachukua muda mfupi kuliko kutupa jani.

Walimtoa dada bado anasema yuko mzima. Walijaribu kufungua fundo, lakini kitambaa kilicholowa kinajikaza, na dada alikuwa amefunga vizuri. Vidole vya shemeji vilishindwa. Mwishowe mzee wa mtumbwi akaja na panga, akaingiza ncha chini ya fundo kifuani pa dada polepole, akakata. Kikwembe kikaachia. Mtoto alikuwa mahali pake, miguu imekunjwa vizuri, hajahama hata kidogo.

Mwanaume mmoja akamshika miguu akamning’iniza kichwa chini, akamtikisa ili maji yatoke. Baadaye muuguzi wa kituo cha afya alituambia kwamba hivyo ni kupoteza muda, kwamba mtoto analazwa chali, mdomo unasafishwa, anapuliziwa pumzi kidogo kidogo puani na mdomoni kwa pamoja, huku kifua kikibonyezwa kwa vidole viwili. Pale kwenye tope hakuna aliyelijua hilo. Walimtikisa mpaka mikono ikachoka, kisha wakampa baba yake.

Shemeji alimkalisha kwenye mapaja. Alimfuta uso kwa shati. Alimtazama kwa muda mrefu, halafu akasema kwamba ni kweli, mtoto amefanana na mama aliyemzaa yeye.

Kilichofuata ni maneno, na maneno hayo yaliniumiza karibu sawa na mto. Wenyeji walisema mto una mwenyewe na mwenyewe alinyimwa heshima. Mchungaji alisema Bwana alitoa na Bwana alitwaa. Kutoka Muheto walipiga simu kutuambia tulijitakia, nani alitutuma kwa watu wa msituni? Nilitaka kuwachukua wote, mmoja mmoja, niwaingize majini hadi shingoni na mtoto mgongoni, niwaulize nani aliyetwaa. Mto haukudai kitu. Mtumbwi ulijaa kupita kiasi, mtu alisimama, na mtoto alikuwa amefungwa. Nilisema hivyo kwenye matanga na watu wakaniambia nina kiburi.

Dada hakusema lolote, wala siku ile, wala mwaka uliofuata. Alilima, alipika sombe ya majani ya mihogo, aliloweka mihogo kama wanawake wa huko, alizaa tena, mvulana. Huyu hakumbeba mgongoni hata siku moja. Alimbeba mikononi, na jembe likasubiri. Shamba lao likawa na magugu, majirani wakamcheka kwamba anamlea mtoto kama yai. Kila mimi nilipombeba mtoto huyo mgongoni, dada alikuja, akafungua fundo kimya, akamchukua, akaondoka naye.

Kisha wakapiga simu kutoka nyumbani kwamba Mama ni mgonjwa na anatutaka sote wawili. Ilikuwa kiangazi. Tulifika mtoni asubuhi, maji yamepungua hadi mawe yanaonekana kando. Dada alikuwa amemkumbatia mtoto kifuani, bila kufunga chochote.

Mzee alikuwa bado yule yule. Hakututazama usoni. Alisimama, akaanza masharti yake, mluzi, jina, jani, na alipofika kwa mtoto wa mgongoni sauti yake ilishuka lakini maneno yalikuwa yaleyale. Mbele yetu alikuwa mwanamke kijana, mgeni, kwa lafudhi nilijua ametoka upande wa Masisi kama sisi, na mtoto amefungwa vizuri sana.

“Miye niko mulokole, Papa,” akasema. “Hayo maneno ya mizimu hayanihusu.”

“Njo vile, mama,” mzee akasema.

Dada alinipa mtoto wake. Sikumbuki kama aliwahi kunipa kabla ya hapo bila kuombwa. Alimwendea yule mwanamke, akaweka kidole juu ya fundo lake. Mwanamke akaruka nyuma, akauliza anataka nini na mtoto wa watu.

“Usimusikilize huyu Papa,” dada akasema. “Unisikilize miye. Hii haiko maneno ya mizimu. Wangu nilimufunga muzuri. Muzuri sana, hata mu maji haikufunguka. Miye nilishika tawi, kichwa yangu ilikuwa inje. Yeye alikuwa nyuma yangu, mu maji. Nilikuwa naita batu nikisema niko muzima.”

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya sokoni. Mwanamke alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama mzee ambaye alikuwa ameinamia kasia lake. Halafu akafungua fundo, akamleta mtoto mbele, akampakata.

Tukaanza kupanda. Mimi niliingia, nikageuka kunyoosha mikono nimsaidie dada. Alikuwa amemchukua mtoto wake na bado amesimama juu ya mawe.

“Enda weye,” akasema.

“Dada, Mama anakungoja.”

“Najua. Siwezi.” Aliukanyaga ukingo wa mtumbwi kwa mguu mmoja, akauondoa. “Siwezi, mudogo wangu. Enda.”

Mzee alingoja kuliko anavyongoja mtu yeyote. Abiria safari hii hawakupiga kelele. Mwishowe dada akaketi chini na mtoto mikononi, na mzee akasukuma. Mwanamke yule alivuka akiwa amempakata mtoto, kikwembe kimelegea mabegani mwake, na tulifika wote.

Muheto nilimkuta Mama amelala upande mmoja, amepungua, lakini akili yake ilikuwa nzima. Swali lake la kwanza lilikuwa dada yuko wapi. Nilimwambia mto umejaa, mitumbwi imekatazwa.

“Alifanya vizuri kubaki,” Mama akasema. “Atakuja maji ikipungua.”

Tulimzika kabla mvua hazijaanza.