Mnazi wa Kitovu cha Dada Yangu

Dada yangu wa tumbo moja hanipi shikamoo. Tukikutana njiani anavuka upande wa pili, na mimi ndiye kaka yake mkubwa, nina miaka sabini na ushei. Usimlaumu! Haki ni yake. Kosa ni langu, nililifanya kwa mdomo wangu huu, na ninakueleza wewe usiyenijua kwa sababu wale wanaonijua nimewaonea haya.

Majina nimeyabadilisha. Mengine yote ni kweli tupu.

Shamba letu liko kati ya Msambweni na Bodo. Msomaji wa bara naomba ajue jambo moja ambalo kwetu hata mtoto analijua: ardhi ina mwenyewe, na mnazi una mwenyewe. Shamba laweza kuwa lako lote, na minazi iliyomo ikawa ya shangazi yako. Akija kuangua nazi zake, unampisha na kumpa maji ya kunywa. Hakuna karatasi. Ni neno tu, na neno linatosha.

Shamba aliniachia baba. Minazi tisa iliyokuwamo aliipanda mama, akampa dada yangu Mejumaa alipoolewa Majoreni. Mmoja katika hiyo ulikuwa na habari yake. Mejumaa alipozaliwa na kitovu chake kukatika, mama alikizika pale na juu yake akapanda mche. Ukaitwa mnazi wa Mejumaa kabla mwenyewe hajajua kutembea.

Kila baada ya miezi mitatu dada alikuja na mkwezi wake, Bakari. Nazi mbili za kwanza kuanguliwa alizileta mlangoni kwangu, ndara kazivua nje. "Shikamoo kaka. Fungu lako hili." Miaka na miaka hakuruka hata mara moja.

Kisha akaja mzungu.

Nitamwita Bwana Reto. Alikuwa dereva wa basi huko kwao milimani, akastaafu, mkewe akafa, akaja kutafuta pa kuzeekea. Hoteli hakuzitaka. "Diani ni Ulaya yenye joto," aliniambia. "Mimi nataka kijiji." Akataka kulikodi shamba langu kwa miaka mingi, ajenge nyumba. Nami nilikuwa na tamaa yangu: nilitaka paa la vigae vyekundu kama nyumba za Diani. Nilichoka kuezua na kuezeka makuti. Upuuzi wa mzee!

Tulikwenda kwa wakili Ukunda. Kijana mwenye adabu, alinipa kiti kabla ya mzungu. Akauliza, "Mzee wangu, kuna mtu mwingine yeyote mwenye haki katika shamba hili? Njia, kaburi, mti?"

Nilijua. Wallahi nilijua! Nikaona nikisema minazi ni ya dada, mzungu ataghairi, na vigae vyangu vitaruka kama kunguru. Nikasema, "Hakuna."

Neno moja. Nikatia saini.

Nilijidanganya kwamba nitamweleza Mejumaa taratibu. Sikumweleza. Alikuwa amelazwa na mguu miezi ile, hakuja kuangua, nami nikafurahi kwamba anaumwa. Umesikia nilichosema? Nilifurahi!

Bwana Reto akajenga, akahamia, tukawa majirani, kati yetu ua wa michongoma tu. Mtu wa ajabu! Alifagia uwanja mwenyewe, mzee mzima kwa kaptula. Chupi zake alizianika upande wa barabara, wanawake wakipita wanajifunika kanga nyuso. Alipima mvua kwa kopo na kuandika ukutani kwa mkaa. Kila Jumamosi alikaa barazani na gazeti la Kiswahili, akalisoma kwa sauti kubwa ili ajifunze lugha, na sauti yake ilikuwa ya dereva wa basi kweli: kijiji kizima kilisikia habari za jana zikivunjwavunjwa.

Na maoni! Alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na aliyatoa bila kuulizwa. "Mnachoma plastiki halafu mnakohoa." "Mbuzi huyu amefungwa kamba fupi, mwenyewe yuko wapi?" Tukampa jina, Bwana Maoni. Siku moja nilimwamkia vizuri, nikamuuliza habari za nyumbani, za afya, za mvua, akanikatiza: "Mzee jirani, nyinyi mnasalimiana mpaka chai inapoa, lakini jambo lenyewe hamlisemi."

Nilimchukia kwa neno hilo. Leo najua kwa nini.

Mejumaa alipopona alikuja na Bakari kama kawaida yake. Mimi nilikuwa natoka msikitini baada ya adhuhuri, nikasikia kelele, nikakaza mwendo. Nilimkuta Bakari yuko juu mnazini, dada yangu yuko chini na kikapu, na Bwana Reto ametoka ndani na povu la sabuni ya kunyolea shavu moja.

"Mwizi! Shuka! Wezi!"

Mejumaa alicheka. Alidhani ni mzaha wa mgeni. "Mwizi nani, baba? Mimi? Futa povu kwanza, usije ukalimeza." Wanawake waliokuwa wakipita na ndoo zao walisimama, wakacheka naye. Kisha akaniona. Uso wake ukang'aa. "Haya, kaka yangu huyo. Muulize yeye."

Bwana Reto akanigeukia. "Mzee jirani. Mama huyu ana haki hapa?"

Dada yangu alikuwa bado anatabasamu, anangoja.

Nikatazama ndara zangu. Nazikumbuka mpaka leo, kamba ya kushoto niliishona kwa uzi wa bluu. Nikasema, "Mejumaa, twende nyumbani tukazungumze."

"Kwa hiyo hana," akasema mzungu.

"Mzee, sema basi!" Bakari alipiga kelele kutoka juu. "Sema na mtu wako!"

Bwana Reto akakichukua kikapu, akazitoa nazi moja moja na kuziweka chini, bila hasira, kama mtu anayepanga vyombo. Dada yangu, mke wa watu, bibi wa wajukuu, aliitwa mwizi mchana kweupe chini ya mnazi aliopandiwa na mamaye, na kakaye anahesabu matundu ya ndara!

Nyumbani nilimdanganya. Nilimwambia mzungu amegeuka, amenidhulumu, mkataba ameupindua, hao ndivyo walivyo. Aliniamini. Alinilaza begani, akanipa pole! Mimi!

Na kijiji kiliniamini. Hapo vita vikaanza. Muuza samaki akawa anapita mlango wa mzungu bila kupiga baragumu. Mwenye maziwa akasema ng'ombe amekauka. Waendesha bodaboda wakimwona wanatazama mbinguni. Takataka zikamwagwa langoni kwake. Naye hakuwa mtu wa kuinama: aliweka seng'enge, akaandika kibao kwa mkono wake, HAKUNA KUANGUA NAZI. MIMI SI MJINGA. Walipopita chini ya kibao walimwimbia, "Bwana Maoni, toa maoni!" Naye aliwajibu kwa lugha yao kwamba hawana adabu na mbuzi wao wana njaa.

Siku moja alinijia, macho mekundu. "Kwa nini wananichukia? Nimefanya nini?"

Ningeweza kusema. Tulikuwa wawili tu. Nikamwambia, "Wivu."

Lakini zito kuliko yote ni hili. Msimu wa upepo, nazi iliangukia tangi lake la maji, ikalipasua. Ilitoka kwenye mnazi wa Mejumaa, maana ulikuwa umeinamia upande wa nyumba. Akaja kwangu, akasimama mlangoni, akauliza kwa makini, neno baada ya neno: "Mzee jirani, mti ule utaniua. Nataka kuukata. Lakini nauliza kwanza. Kuna mtu atakayeumia?"

Mgeni aliuliza! Mtu asiye na mila zetu alihisi kwamba mti mkongwe haukatwi hivi hivi. Nami mwenye mila nikamjibu, "Kata. Ni wako." Kwa sababu nikisema ukweli kuhusu mnazi mmoja, ingebidi niseme kuhusu tisa.

Msumeno wa petroli ulilia asubuhi nzima. Nilifunga madirisha.

Haikupita wiki, Mejumaa akaja msibani kwa jirani. Alipita njia ya shambani, akaona pengo. Waliokuwapo wanasema hakulia. Aliinua seng'enge, akaingia, kanga ikashika na kuchanika, akaenda moja kwa moja kukaa juu ya kisiki. Bwana Reto akatoka kumfukuza. Akamwona, akasita. Akatuma mtu kuniita.

Nilikuta wote wawili wananitazama.

"Nimemwambia mama huyu atoke," akasema Bwana Reto. "Ananiambia amekaa juu ya kitovu chake. Sijaelewa. Nieleze."

Mejumaa ndiye aliyeeleza, polepole, kama anayemsomesha mtoto: mama, mche, minazi tisa, ndoa ya Majoreni. Mzungu alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake uliiva.

"Nilikuuliza," akaniambia. "Siku ya nazi nilikuuliza. Siku ya mti nilikuuliza. Na kwa wakili uliulizwa. Mara tatu!"

Mejumaa akaniangalia. "Alikuuliza, kaka?"

Laiti angepiga kelele! Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kuambiwa hapana.

"Alikuuliza kama aukate?"

"Ndiyo."

Akasimama, akajipangusa vumbi la mti. "Basi mwizi alikuwapo kweli," akasema. "Ila hakuwa na kikapu." Akaondoka.

Bwana Reto hakunipigia kelele pia. Alisema tu, "Ulinifanya nimtukane mwanamke mzee mbele ya watu. Mimi nina mama. Toka kwangu." Kwangu, alisema, juu ya ardhi ya baba yangu, na hakuna aliyestahili zaidi kulisema.

Kesho yake alimfuata dada Majoreni, kwa bodaboda, maana mwendeshaji alipojua anakwenda kuomba radhi alimchukua bila kunung'unika. Walizungumza nini sijui. Aliporudi alikata seng'enge, akaweka mlango mdogo wa mbao, ufunguo akampelekea Mejumaa. Kibao akakichoma jikoni. Karibu na kisiki walipanda mche mpya, dada akimgombeza kwa namna anavyoshika jembe.

Sasa dada akija kuangua, hukaa baraza ya mzungu wakinywa chai ya tangawizi na kubishana. Bwana Maoni amepata mwenziwe! "Chai yako ina maji mengi." "Na wewe una maneno mengi, baba." Nasikia vicheko kutoka huku kwangu. Nasikia nazi zikidondoka, puh, puh, na mwili wangu bado huinuka kwenda mlangoni. Haji mtu. Nazi nanunua dukani.

Na Bwana Reto, yule aliyetukebehi kwa salamu ndefu, siku hizi anamwamkia kila mtu kwa ukamilifu, habari za wazee, za watoto, mpaka za mbuzi. Akinifikia mimi anainua kidevu na kupita.

Paa langu la vigae linavuja. Makuti hayakuvuja hivi.

Nilimtuma mzee mwenzangu Majoreni kuniombea radhi, kama ilivyo desturi. Mejumaa alimpikia, akamlisha, kisha akamwambia: "Mwambie kaka sina kinyongo cha kufa nacho. Lakini mimi niliitwa mwizi mbele za watu. Na yeye akaseme mbele za watu. Asinitumie mtu."

Mwaka umepita. Nimefika kwenye ule mlango mdogo mara nyingi, siku za kuangua, watu wamejaa. Ulimi unakuwa kipande cha mti. Astaghfirullah! Kudanganya ilinitosha neno moja. Kusema kweli naomba pumzi.

Ndiyo maana naandika. Najua utasema kuandika bila jina si kusema mbele za watu. Ni kweli. Lakini nimelichagua gazeti hili makusudi. Ndilo analolisoma Bwana Reto kila Jumamosi barazani, kwa sauti yake ya basi, na sasa dada hupanga siku zake za kuangua ziwe Jumamosi, amsahihishe. Wakwezi husikia. Wenye ndoo husikia. Kabla hajafika katikati, wote watamjua mzee huyu ni nani. Na wanijue!

Wewe unayekodisha shamba la wazee wako, mwambie mgeni kila mti ni wa nani kabla ya saini, hata akighairi. Na ukiulizwa juu ya dada yako mbele za watu, usitazame ndara zako. Hazitakusemea.

Bwana Reto, hapa soma polepole, usivunje maneno: Ardhi ilikuwa yangu. Minazi ilikuwa yake, yote tisa. Niliulizwa mara tatu, nikajua, nikakana. Dada yangu hakuiba kitu.

Mimi niko nyuma ya michongoma, upande huu. Nimevaa ndara zile zile. Nasikiliza.