Mbambu Aliyepona

Lanyero alikulia kambini, binti wa askari, katika nyumba ambayo hata ndala zilipangwa mstari kabla watu hawajalala. Kwa hiyo alipokabidhiwa kompyuta ya kliniki ya Daktari Tarcisio, pale mtaa wa Nateete juu ya duka la magodoro, kilichomkera kabla ya yote ni fujo. Kila aliyepita kwenye kile kiti alikuwa ameingiza wagonjwa anavyojua mwenyewe, mtu mmoja akawa na mafaili mawili, mwingine matatu. Lanyero alilitazama lile jambo kama mama mkwe anavyotazama jiko la mkaza mwanawe.

"Safisha yote," Daktari Tarcisio akamwambia. Alikuwa daktari wa jeshi zamani, na Kiswahili chake kilikuwa bado kimevaa buti. "Watu ya bima nakuja kuangalia kazi yetu. Mimi nataka wao naona presha ya wagonjwa nateremuka."

Lanyero akasafisha. Kanuni yake ilikuwa rahisi: jina moja, simu moja, tarehe moja ya kuzaliwa, basi huyo ni mtu mmoja, na mafaili yake yaunganishwe. Alifanya kazi hiyo kwa raha ya mtu anayekunja nguo zilizotoka juani. Alipomaliza, kompyuta ikamchorea mstari wa presha za wagonjwa wote, na ule mstari ulikuwa unashuka vizuri ajabu. Daktari akauangalia, akampiga bega, akaagiza chai na chapati za kliniki nzima. Lanyero alijisikia mkubwa siku hiyo, tena hakuficha.

Jumanne ndiyo siku ya presha. Kina mama wa Kikongo hujaa kwenye mabenchi asubuhi mapema, wengi wao Wanande waliotoka upande wa Butembo, wachuuzi wa vitenge na samaki wakavu. Jumanne ya nne baada ya usafi ule, Lanyero akatoa kichwa mlangoni kwa mara ya kwanza, akaita, "Mbambu!"

Wakasimama watatu.

"Mimi naita Mbambu mmoja," akasema.

"Ni siye bote," akajibu aliyekuwa mbele, msichana mwenye mimba kubwa, huku wenzake wakicheka. Wakamweleza kwa zamu, wakidakizana. Kwao mtoto hupewa jina kufuata nafasi aliyozaliwa: wa kwanza ana lake, anayemfuata ana lake, na kila nyumba iliyojaliwa wasichana wa kutosha ina Mbambu wake. Je, simu? Wasio na simu huandikisha ya Katembo, fundi cherehani, yeye huwapelekea habari. Na tarehe? Waliovuka mpaka bila karatasi waliandikiwa Januari mosi, wote, mwaka ukaachwa wazi, kama kwamba huko kwao watu huzaliwa mwaka mpya tu.

Lanyero hakucheka. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, maana hili halikuwa geni kwake. Kambini kwao kila mtoto aliyefuata mapacha aliitwa Okello. Angeambiwa awakusanye Okello wote wa kambi kwenye kitanda kimoja, angemwona huyo mtu kichaa. Kumbe ndilo alilowafanyia watu wa watu.

Akarudi kwenye kompyuta, akafungua faili la Mbambu alilolishona mwenyewe. Presha ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, na mgonjwa huyohuyo alikuwa mjamzito na mwenye magoti ya uzee. Nesi wa zamu, Okwera, alikuwa ameandika chini ya presha nzuri ya yule msichana: vidonge visimamishwe. Aliyesimamishiwa vidonge hakuwa msichana. Alikuwa Mbambu mwingine, mwenye yale magoti, bibi mwembamba wa kilemba cha kijani aliyekuwa hakosi Jumanne hata mvua inyeshe. Lanyero akachungulia tena kwenye mabenchi. Kilemba cha kijani hakikuwepo, na akijaribu kukumbuka, hakukiona wiki iliyopita wala ile ya kabla yake. Presha ya mtu mzima bila vidonge haisubiri mtu.

Akamwambia Okwera, Okwera akashika mdomo. Halafu Lanyero akachukua mkoba wenye kipimo cha presha na vidonge alivyohesabiwa na Okwera, akateremka sokoni kwa Katembo.

"Mbambu gani?" akauliza Katembo bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Miye niko nabo bengi."

"Mama ya kilemba ya kijani."

"Ah, ule alipona!" Katembo akatabasamu. "Alitoa ushuhuda mu kanisa. Tulimupigia vigelegele."

Chumba cha yule bibi kilikuwa nyuma ya soko. Mama Mbambu alikuwa ameketi kitandani, mkono kwenye paji la uso, dirisha limezibwa kanga. Alipomwona Lanyero akajaribu kusimama.

"Mwanangu, karibu. Ni kichwa kidogo tu. Itapita, Mungu alishaniponyesha."

Lanyero akapiga magoti sakafuni, akamfunga kipimo mkononi. Namba zilizotokea zilikuwa za juu mno. Angeweza kumpa vidonge na kusema daktari amebadili dawa, mambo yakaishia hapo, na kwa dakika nzima alitamani iwe hivyo. Nani anapenda kumnyang'anya mtu muujiza wake?

"Mama, nisamehe," akasema. "Wewe hapana pona. Mimi iliunganisha faili yako na ya Mbambu ingine. Ile presha nzuri ilikuwa yake. Makosa ni yangu, si ya Mungu."

Akamwekea vidonge mkononi. Mama Mbambu akavitazama, kisha akavimeza pamoja na maji.

"Ule mwingine," akauliza, "ni mwenye mimba?"

"Ndiyo."

"Basi vigelegele ilikuwa yake. Haiko kitu. Itamusaidia kuzaa." Akacheka kidogo, kisha akashika tena kichwa.

Lanyero hakuweza kucheka. Machozi yalikuwa yanamjia, akajifanya anakunja kipimo. "Nataka nikuandike vizuri, isirudi tena hii makosa. Mimi nitaandika na jina ya mtoto. Wewe ni mama ya nani?"

Swali lilikuwa jepesi. Asubuhi ile wale wenzake walikuwa wamelijibu kwa kelele, Mama Gradi, Mama Princesse. Huyu alichelewa.

"Guerschom," akasema mwishoni. "Lakini alibakia mu njira, wakati tulikimbia. Huku hakuna muntu ananiita vile." Akainamisha macho. "Unaweza andika vile? Hata kama hako tena?"

"Naweza," akasema Lanyero.

Alitumia siku zilizobaki za wiki akiwatenganisha aliowaunganisha. Mstari ukapanda, ukawa na mabonde na vilima, haupendezi hata kidogo. Daktari Tarcisio akasimama mbele yake akiwa ameshika kiuno, akaguna. Lanyero akamweleza jina kwa jina. Mwisho daktari akavuta kiti, akakaa, akasema watu wa bima wataonyeshwa huohuo, na kama hawautaki wapande boda waende zao.

Jumanne iliyofuata mabenchi yalijaa. Kilemba cha kijani kilikuwa kwenye kona karibu na ukuta. Lanyero akatoa kichwa mlangoni, akasafisha koo.

"Mama Guerschom!"

Wanawake wakatazamana, hawakumjua huyo. Lanyero hakurudia, wala hakunyoosha kidole. Alimwachia nafasi. Yule bibi alikaa kwanza, viganja vyote viwili mapajani, kama mtu aliyesikia akiitwa na sauti ya nyumbani kwake. Kisha akasimama.

"Ni miye," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje.