Mahari ya Reale Moja

Binti wa kaka yangu alipopata mchumba hapa Durban, shangazi wa karibu nilikuwa mimi tu, kwa hiyo mashauri yote ya ndoa yaliniangukia. Mchumba alikuwa Mkongo wa Kindu, Mwislamu, fundi wa kunyoosha bodi za magari kule Pinetown. Alikuwa mpole, na mikono yake mikubwa hakujua aiweke wapi mbele ya wakwe.

Nilimpigia simu mama yangu Tanga nimuulize mahari. Alijibu bila kufikiri.

"Reale moja. Wanawake wote wa nyumba yetu tumeolewa kwa reale."

Neno hilo nilikuwa sijalisikia tangu utotoni. Nilichojua ni kwamba reale ilikuwa sarafu ya fedha ya Wazungu wa kale, iliyotumika pwani yetu zamani za mababu. Nikaingiwa na fahari. Nikampelekea mchumba habari kwa sauti ya mtu mwenye ukoo.

"Mama, reale njo nini?" akauliza. "Miye nilifikiri mutaomba matelas na frigo, kama kwetu."

"Sisi hatuombi magodoro wala friji," nikamwambia. "Sisi tuna asili."

Friji yangu mwenyewe wakati huo mlango wake ulifungwa kwa kamba.

Akaanza kutafuta. Kila Mkongo aliyemuuliza alidhani anataka real, pesa za Brazil. Mwishowe bosi wake akamwelekeza kwa mzee mmoja mstaafu wa Westville, mkusanyaji wa sarafu. Tulikwenda pamoja, mimi nikiwa mlinzi wa heshima ya ukoo. Mzee akavuta droo, akatoa sarafu pana yenye sura ya malkia mnene. Akatueleza kwamba malkia huyo alikufa zamani sana, lakini sarafu yake iliendelea kuchapwa ikiwa na mwaka uleule wa kifo chake, kwa sababu watu wa pande zetu walikataa nyingine yoyote. Hii yake huenda ilimzidi yeye mzee umri, au ilikuwa changa kuliko simu yangu.

"Sasa ni ya kweli ao ni copie?" mchumba akaninong'oneza.

Nikamwambia anunue, asitutie aibu. Akaenda kuisugua kwa dawa ya kung'arishia magari mpaka ikawaka.

Siku ya ndoa tulimweka mama kwenye simu ya video, tukamsogezea ile sarafu. Akaitazama kwa muda.

"Huyo mwanamke ni nani?"

"Ndiyo reale, mama."

"Mimi sijapata kuiona."

"Lakini si uliolewa kwa reale?" nikauliza.

"Shehe alitamka reale. Baba yako alileta cherehani. Reale lilikuwa neno la kusemea, majirani wasijue ndani mnapeana nini."

Mchumba akashusha pumzi. Bibi harusi, ambaye mpaka hapo hakuna aliyekuwa amemsikia, akainua ushungi.

"Bibi, kwa hiyo naweza kuomba kitu?"

"Omba, mjukuu wangu. Kwani shangazi yako hakukuuliza?"

Watu wote wakanigeukia. Mimi nikawa nahangaika na pini ya mtandio.

Alitaka draya la saluni, lile la kusimama, la mteja kuingiza kichwa. Shehe akauliza atamke lipi. Mama akamjibu kutoka Tanga kwamba atamke reale, kama ilivyo ada.

Draya lililetwa baada ya wiki chache kwa bakkie, pikapu ya bosi wa bwana harusi. Binti yetu aliacha kazi kwenye saluni ya watu, akafungua yake chumba cha mbele, na wanawake wa viwanda vya Mobeni humjia wakitoka zamu. Mama akipiga simu huuliza draya linaendeleaje.

Ile sarafu wenyewe walishindwa kukubaliana nani aiweke, maana kila mmoja alimwachia mwenzake. Nikajitolea kuitunza mimi. Hakuna aliyepinga.