Mafuta Ndani ya Ini la Rosi

Jumanne, mwezi wa nane. Mvua ya mawe ilipita asubuhi, na baridi ya Moiben ikabaki kwa mifupa. Mwanangu, siku hiyo bado naiona, ingawa sina hakika nitaieleza sawasawa, maana shule niliacha darasa la sita. Ilikuwa miaka ile ya chama kimoja, watoto wa shule wakipewa maziwa ya bure. Mtoto wangu alikuwa mchanga, na maziwa yangu yalikuwa yamekauka. Tulikuwa tukiombaomba kwa majirani, tukingoja Rosi azae.

Rosi alikuwa ng'ombe wetu wa gredi, yaani wa kizungu wa maziwa mengi, wa pekee. Alipokuwa na mimba kubwa, mama mkwe wangu, niliyemwita Mama, alimlisha pumba na unga wa mahindi asubuhi na jioni, mpaka mgongo ukawa bapa kama meza. Majirani walisimama kwenye ua kumsifu. Hata mimi nilijivuna.

Akazaa salama. Halafu akakataa kula. Akainamisha kichwa, na pumzi yake ikanuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi.

"Muache apumzike," Mama alisema. "Hii ng'ombe iko na mafuta ya kula mwaka mzima."

Nami niliona anasema kweli. Lakini mtoto alilia, nikatuma watu wamwite daktari wa mifugo. Alikuja Jumanne hiyo kwa pikipiki kutoka Eldoret, tope mpaka magotini. Alinusa pumzi ya Rosi, akampapasa mgongo.

"Amenona sana. Hiyo ndiyo shida."

"Kunona ni shida?" Mama akacheka. "Daktari, wewe ulishaona nani akilia kwa kushiba?"

Akatueleza. Kwamba maziwa yanahitaji nguvu nyingi, na Rosi hataki kula, kwa hivyo mwili unayeyusha mafuta yake wenyewe na kuyamwaga kwa damu. Damu inayapeleka kwa ini. Ini linachoma kiasi linachoweza. Mengine ilifaa liyafunge kama mzigo na kuyarudisha mwilini, lakini ini la ng'ombe ni zito kwa kazi hiyo, basi yanarundikana humo humo. Na bila sukari ya kutosha hayachomeki vizuri. Ni kama jiko la kuni mbichi, na ile harufu ndiyo moshi wake.

Nilimwomba arudie. Akarudia, bila hasira. Bado nilichanganyikiwa. Yaani njaa ndiyo imejaza mafuta ndani ya ini?

"Ndiyo, mama."

Alimtia Rosi maji ya sukari kwa mshipa, akatuachia molasi, ile asali nyeusi ya miwa, tumnyweshe kwa chupa, na akasema tusimwache bila chakula hata akikataa. Kisha akaondoka, maana aliitwa kwingine.

Mama alisimama kwenye mlango wa zizi. "Ini limejaa, na nyinyi mnaongeza? Mtamuua."

Lazima niseme ukweli, lilikuwa swali la mtu mwenye akili. Daktari alikuwa amelijibu: sukari ikifika, mwili unaacha kuyeyusha mafuta, ini linapata nafasi. Lakini mimi kulisema vile sikuweza. Mume wangu alikuwa safarini Turbo na lori la mahindi. Chupa iko mkononi, mtoto analia, na mzazi wa mume wangu amenizuia njia.

Nikasema tu lililokuja. "Mama, nilipojifungua nilikuwa mnene, na uji sikuutaka. Ulisema nikae na mafuta yangu?"

Kwetu mwanamke aliyejifungua hulishwa hata akigeuza uso, na yeye ndiye aliyenishika kidevu akaninywesha uji.

"Wewe mdomo yako!" alisema. Akaingia zizini, akamshika Rosi pembe. "Haya, mimina. Polepole, isimwingie kwa mapafu."

Rosi alipona. Kama ni molasi, au ile dawa ya mshipa, au angepona tu, mimi sijui. Na Mama nisimlaumu. Alimnenepesha kwa upendo, na hakuna aliyekuwa amemwambia vingine.

Ninachokuomba, mwanangu, ni hiki. Ng'ombe mwenye mimba umlishe kwa kiasi, asinone. Akishazaa, umwongezee kidogo kidogo, na akikataa kula usingoje ukisema ana akiba. Unene si chakula cha kumwachia mtu akitegemee. Na usipoelewa, uliza tena, hata mara ya tatu, hata mbele ya wakwe. Mungu akupe zizi lenye afya, na watu wa kukushika kidevu siku ukikataa kula.

Jioni ile tulikula ugali na mboga ya managu. Mama alikula amesimama mlangoni, sahani mkononi, akisikiliza kama Rosi ameanza kucheua tena.