Wageni wa Meza ya Pasi

Kazini walimwita Cherehani, na mtu akikaa naye dakika tano haulizi sababu. Alikuwa mtoa dawa wa zahanati, nyuma ya dirisha la kioo lenye tundu la kupitishia mkono, na kutwa nzima mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu chini ya meza kana kwamba kuna suruali ya mtu inayosubiriwa mlangoni. Akihesabu vidonge, mguu unakwenda. Akimweleza mgonjwa kwamba hiki kutwa mara mbili na hiki kabla ya kulala, mguu unakwenda. Nyumbani ndiyo usiseme. Chai aliinywa huku anafagia, chakula alikila huku anatafuta funguo, na katika miaka yake arobaini na mitatu hakuna aliyewahi kumwona amekaa kitako mpaka kikombe kikaisha.

Sasa mtu wa namna hiyo, ukiambiwa burudani yake ni kupiga picha vinywaji vilivyotulia mezani, una haki ya kucheka. Majirani walicheka vya kutosha. Watu wanapiga picha maharusi na watoto, yeye anaipiga picha glasi ya juisi! Lakini chumba chake cha pili kilikuwa na dirisha moja zuri, na kuanzia saa moja na nusu mpaka saa tatu jua la asubuhi liliingia pale kwa ubavu, laini, bila fujo. Alitandaza kadibodi nyeupe juu ya meza ya pasi, akatundika kitambaa cheusi nyuma yake, na upande wa giza akasimamisha kipande cha boksi alichokibandika karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula, ili mwanga urudi kwenye glasi. Kamera aliinunua imeshatumika. Ilikaa juu ya stendi ya miguu mitatu, mmoja kati yake umefungwa bendeji ya zahanati.

Na hila zote alizijua. Gliserini ukiichanganya na maji ukanyunyizia glasi kwa nje, unapata matone ya ubaridi ambayo hayakauki saa nzima. Barafu yake ilikuwa ya plastiki. Povu la kahawa lilikuwa sabuni ya vyombo iliyopigwa kwa uma mpaka ikaumuka. Akishapanga kila kitu, anainama nyuma ya kamera, anazuia pumzi, na hapo, hapo tu, mguu ule ulisimama. Anabonyeza. Kwa kitambo hicho kidogo hakukuwa na kitu kinachomfukuza. Angeweza kukosa mshahara akavumilia, lakini si kitambo hicho.

Kisha mama yake akahamia.

Alikuwa mama mwembamba, mpole, aliyestaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kugawa chai katika ofisi kubwa ya ghorofa nne. Mwaka huo alikuwa amelazwa mara mbili, na mara zote mbili kwa sababu ambayo ingechekesha kama isingetisha: hanywi. Si maji, si chai, si maziwa. Daktari alimwita Cherehani pembeni.

"Figo za mama zimechoka. Anahitaji glasi sita kwa siku, dada yangu, zisipungue. Akirudi hapa mara ya tatu katika hali hii, siwezi kukuahidi kitu."

Glasi sita! Ni kitu gani hicho? Cherehani alirudi nyumbani akiona kazi yenyewe rahisi. Alibandika utepe kwenye chupa ya maji, akaandika saa pembeni ya kila mstari. Alitega simu iite kila baada ya saa mbili. Mama akapokea kila glasi kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Asante mwanangu. Weka hapo."

Maji yakawekwa hapo, na hapo ndipo yaliposhinda.

"Mama, kunywa basi."

"Sina kiu."

"Si mambo ya kiu, mama. Ni dawa."

"Sasa ninywe bila kiu, kwani mimi ni mche?"

Alibembeleza, akanuna, akatishia hospitali. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa mbali na mwenye ushauri mwingi, alipiga simu kila jioni. "Mlazimishe! Wewe si ndiye mtu wa dawa?" Cherehani alimsikiliza huku akizunguka sebule, simu sikioni, mpaka zulia likaanza kuonyesha njia yake. Kazini alimpa mgonjwa mmoja chupa ya dawa akamwambia, "Hii ni glasi ya tatu." Mgonjwa akaomba ahudumiwe na mtu mwingine.

Katika wasiwasi huo akagundua jambo la ajabu. Vinywaji vyake vya picha vilikuwa vinapotea. Aliacha juisi ya machungwa juu ya meza ya pasi akaenda kumfungulia jirani mlango, kurudi, glasi tupu, imeoshwa, imefunikwa kifudifudi. Siku nyingine ikawa maji ya limau. Kwanza alijishuku mwenyewe, maana mtu asiyetulia hakumbuki alichokunywa. Halafu akaikuta trei aliyobebea glasi imefutwa na kukunjiwa kitambaa pembeni, na katika nyumba hiyo mtu mmoja tu ndiye aliyekunja kitambaa namna ile. Alifurahi moyoni, akanyamaza, akafikiri mama ameanza kupata kiu. Hakufikiri zaidi ya hapo. Angefikiri, yaliyofuata yasingetokea.

Jumapili alipanga kahawa. Kikombe cheupe, kahawa nyeusi, na juu yake povu zito la sabuni, zuri kuliko povu la kweli. Alipiga picha saba. Simu ikaita, kaka tena, naye akatoka kwenda kuzunguka sebule. Aliporudi, mama alikuwa anafuta trei, na pembeni ya mdomo wake kulikuwa na povu.

"Mama! Umekunywa hicho?"

"Si ulikuwa umemaliza?"

Mama alitapika mchana kutwa. Kile kidogo kilichoingia wiki nzima kilitoka chote kwenye ndoo, na Cherehani, badala ya kushika kichwa cha mama yake na kunyamaza, alifoka. Hofu ilimpanda ikatokea mdomoni kama hasira. Alisema maneno ambayo mtu hamwambii mzazi: akili yako iko wapi, unataka kunifia mikononi, mtoto mdogo ana nafuu. Mama alijifuta midomo.

"Sikujua kwamba siku hizi wageni wanapewa sabuni," alisema, akaenda kulala.

Tangu hapo hakugusa kitu. Jumatatu asubuhi midomo ilikuwa imepasuka. Kazini Cherehani alihesabu vidonge kumi na vinne mara nne, akapata idadi nne tofauti, akavua koti jeupe, akaomba ruhusa na kukimbia nyumbani. Alimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Akapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe mama. Nilikosa adabu."

"Yamekwisha."

"Lakini niambie kitu kimoja. Ukipewa hunywi. Nikiacha kwenye meza ya pasi unakunywa. Kwa nini?"

Mama alimtazama kama anayeulizwa kwa nini anatembea kwa miguu.

"Kile si kimebaki? Mgeni akishamaliza, kilichobaki ni changu."

Ndipo yakatoka, taratibu. Siku ya kwanza kazini, mkuu wa ofisi alimwambia kwamba mgawa chai asionekane na kikombe, haipendezi. Akaitikia ndiyo bwana. Kwa miaka thelathini na moja alipeleka chai ghorofa ya kwanza hadi ya nne, akasubiri trei zirudi, kisha akanywa kilichobaki kwenye birika, kimeshapoa, amesimama, nyuma ya mlango wa jiko. Kiu yake ilizoea kuja saa hiyo. Vyombo vikirudi, koo linafunguka. Kikombe kikitangulizwa mbele yake kimejaa, koo linafunga, anaona kama ameshika cha mtu mwingine.

Cherehani alikumbuka meza yao ya utotoni. Wao watoto wamekaa, baba amekaa, na mama anakwenda na kurudi. Hawakuwahi kumwona akinywa chai. Walikua wakiamini kwamba haipendi, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kumuuliza. Alijisikia vibaya mno.

"Na kamera yangu?" akauliza.

"Unakitenga mbele yake, inakitazama, inalia kacha, unaondoka. Si ndiyo imemaliza?"

Kesho yake gliserini ilirudishwa kabatini, sabuni ikarudi jikoni, na wageni wakaanza kuja. Wageni sita kwa siku. Wawili kabla ya kazi, mmoja mchana, watatu jioni kwa mwanga wa taa ya mezani. Saa sita na nusu Cherehani alifunga dirisha la dawa, akatoka mbio juani, akavuka barabara mbili bila kutazama vizuri, akaingia ndani anahema, akamimina maji ya limau, akayaweka kwenye trei juu ya kadibodi, akainama. Kacha. Kisha anasogea pembeni na kujifanya anatafuta kitu kwenye droo. Nyuma yake anasikia hatua laini, trei ikiinuliwa, kimya kidogo, halafu bomba likifunguliwa. Ikiwa ni chai, kimya hurefuka mpaka ipoe. Akisikia bomba, anapumua.

Picha zenyewe zilikuwa za ovyo. Barafu ya kweli iliyeyuka kabla hajainama, matone yalitiririka yakachora michirizi, povu la maziwa lilizama. Hakujali. Lakini siku moja, Jumanne, kamera iliandika kwenye kioo chake kwamba haina kadi. Akakumbuka aliitoa jana yake kuhamisha picha. Alipekua meza, mifuko, chini ya kochi, ndani ya viatu. Haipo. Mama akachungulia mlangoni.

"Mgeni bado?"

Cherehani akashtuka, akabonyeza. Kacha! Kamera haikuhifadhi kitu, ila mlio ulitoka vilevile. Mama akaja akachukua trei.

Basi ikawa hivyo. Atanunua kadi Jumamosi, alijiambia. Jumamosi ikaja ikapita, kwa sababu wageni sita hawamwachii mtu nafasi ya kwenda dukani, na kwa sababu, tuseme ukweli, kadi haikuwa na kazi tena. Wiki tatu alipiga picha za hewa. Kilichomkera si picha. Kile kitambo chake kilikuwa kimekwenda. Alikuwa akiinama nyuma ya kamera na mguu bado unakwenda, kidole kinabonyeza na mwili umeshageuka kuondoka, na kila kacha ilimchoma: unamdanganya mama yako. Akijua, ataacha tena. Akiacha, ni hospitali mara ya tatu. Alianza kuota mlio huo.

Ijumaa walikwenda kupimwa. Daktari alisoma karatasi, akaisoma tena, akamtazama mama juu ya miwani.

"Mama, hongera. Umefanyaje?"

"Binti yangu ana wageni wengi," mama akasema.

Jumamosi asubuhi, jua likiwa limeshaingia kwa ubavu, Cherehani alimimina chai, akaiweka mahali pake, akainama. Mama alikuwa mlangoni. Safari hii hakusubiri mlio. Alikuja mpaka kwenye meza ya pasi, akatoa kitambaa mfukoni mwa sweta, akafungua fundo. Ndani yake kulikuwa na kadi.

"Niliikuta chini ya meza nikifagia. Jumatatu ile."

Cherehani aliinuka kutoka nyuma ya kamera. "Jumatatu? Kwa hiyo muda wote huu ulijua?"

"Ningekuonyesha saa ngapi? Ulikuwa huonyesheki, unakwenda tu. Halafu nikaona unabonyeza bila kitu hicho." Akatabasamu kidogo. "Mwanangu, nimebeba trei miaka thelathini na moja. Chumba ambacho hakina mgeni nakijua."

"Sasa kwa nini ulikuwa unakunywa?"

"Ulikuwa unakuja mbio na lile jua, jasho linakutoka, unaandaa vizuri, unainama kabisa kama kweli." Mama akakikunja kitambaa. "Hakuna mtu aliyewahi kunihangaikia hivyo kwa kikombe cha chai. Ningekiachaje?"

Cherehani alifuta macho kwa mkono wa blauzi. Mama alivuta kigoda, akaketi nyuma ya meza ya pasi, mbele ya kitambaa cheusi, kikombe mbele yake, mwanga ukimwangukia shavu moja. Alinyoosha sweta.

"Weka kadi yako. Leo mgeni ni mimi. Na usinihimize."

Cherehani akaweka kadi. Akainama. Kwenye kioo aliona mama akigeuka kutazama mlango, mara moja, kwa haraka, kama anayehofia kwamba mkuu wa ofisi anapita. Kisha akainua kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Akasita, macho yakafumbuka wazi.

"Ya moto," alisema taratibu. "Kumbe ndiyo hii niliyokuwa nawapelekea."

Akaendelea, funda kwa funda, bila kusimama, bila kumtazama mtu, mpaka kikombe kikaisha. Hapakuwa na mlio wowote chumbani. Cherehani alikuwa ameinama, pumzi ameizuia, kidole juu ya kitufe, na mguu wake wa kulia umetulia sakafuni.

"Umepiga?" mama akauliza.

"Bado."

Mama akakisukuma mbele kikombe kitupu.

"Basi mimina kingine."