Mpaka Mama Asimame

Verediana Kalinga aliambiwa ni kazi ya miezi mitatu tu, mpaka mama asimame. Aliyemwambia alikuwa Anwari, mfanyabiashara wa mchele wa Uyole, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, ambaye alikuja kumpokea mwenyewe aliposhuka kwenye basi la Iringa na akambebea begi hadi kwenye gari. Mama yake, Bi Mwamvita, alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimepooza, maneno yalimtoka nusu nusu, na hospitali ilimruhusu kurudi nyumbani kwa sharti kwamba apatikane mtu anayejua kumgeuza, kumlisha na kumpima presha.

Verediana hakusita. Ilikuwa imepita miezi kumi na moja tangu apate leseni yake ya uuguzi na ukunga, na muda wote huo alikuwa kwa mama yake Kihesa, akituma maombi serikalini, kwenye hospitali za misheni, hata kwenye zahanati za watu binafsi. Majibu yalikuwa yale yale: tunataka mwenye uzoefu, nafasi zimejaa, au kimya. Majirani waliokuwa wakimwita nesi kwa heshima walianza kumwita hivyo kwa kumchokoza. Damari, rafiki yake wa chuoni aliyekuwa ameshapata kazi katika hospitali moja ya Mbeya mjini, ndiye aliyempa namba ya Anwari.

"Kakae hapo huku unatafuta," Damari alimwambia. "Miezi mitatu si kitu."

Nyumba ilikuwa nzuri. Sakafu ya vigae, maji ya moto bombani, na chumba chake mwenyewe kilichopakana na cha mgonjwa. Alikula walichokula wenye nyumba. Hakuna aliyempandishia sauti, na mshahara haukuchelewa hata mara moja. Kwa hiyo mwaka mmoja na miezi minne ulipopita, naye bado yumo ndani ya geti lile, hakuwa na maneno ya kumweleza mtu kwa nini kila asubuhi anapofungua macho anawaza kuondoka. Mama yake, Yusta, alikuwa akimpigia simu kila Jumapili baada ya ibada.

"Kamwene, mwanangu. Wanakula nini leo hao watu wako?"

"Pilau, mama."

"Pilau! Na wewe unasema unataka kuondoka. Wenzako wanajitolea bure mawodini, wanatembea kwa miguu hadi kazini. Mshukuru Mungu, tulia."

Bi Mwamvita zamani alikuwa na duka la vitambaa mjini, eneo la Sokomatola, na wanaomjua wanasema hakuwepo mteja aliyemshinda kwa maneno. Ugonjwa ulikuwa umemwachia maneno machache, na alikuwa akiyatumia vizuri. "Hapana" lilikuwa la mkwewe, Hanifa, mke wa Anwari. "Baadaye" lilikuwa la mwanawe. "Njoo" lilikuwa la Verediana. Hakula kwa mkono wa mtu mwingine. Hanifa akileta uji, alifunga mdomo na kugeukia ukutani. Verediana akiuchukua uji ule ule, kijiko kile kile, mdomo ulifunguka. Mwanzoni jambo hilo lilimfurahisha Verediana. Wageni walipokuja kumjulia hali mgonjwa, Anwari aliwaambia, "Huyu ndiye roho ya mama. Bila huyu nesi, mama yetu tungeshamzika." Naye Verediana aliinama kwa haya, akatabasamu.

Barua ya Iringa ilikuja mwezi wa kumi na tatu tangu afike. Hospitali moja ya misheni nje kidogo ya mji ilimwita kwenye usaili, Jumanne saa tatu asubuhi. Aliomba ruhusa siku tano kabla.

"Nenda, mwanangu," Anwari alisema. "Nani amekuzuia? Mwambie tu mama mwenyewe."

Alimwambia siku ya Jumamosi. Bi Mwamvita alimtazama, kisha akageukia ukutani. Jumapili asubuhi aliutema uji. Mchana alikataa vidonge, safari hii hata kutoka mkononi mwa Verediana. Jumatatu jioni presha ilikuwa mia na tisini kwa mia na kumi. Anwari alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, akasema taratibu, "Nenda tu. Sisi tutajua la kufanya." Hanifa alikuwa nyuma yake, analia.

Nani angeondoka? Verediana alikaa. Alimbembeleza Bi Mwamvita mpaka akameza vidonge, na Jumanne saa tatu, saa ya usaili, alikuwa anamfuta mgongo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Alipompigia simu msimamizi wa wauguzi kule, Sista Tekla, kueleza kilichotokea, yule mama alimsikiliza hadi mwisho. "Nimekuelewa, binti," alisema. "Lakini nafasi tumeshampa aliyekuja." Chakula cha mchana Bi Mwamvita alimaliza sahani nzima.

Baada ya hapo mambo mengine yakaingia polepole. "Nesi, ukimaliza kwa mama, nisaidie kuchambua mchele." "Nesi, pasi ipo hapo, kanzu ya Baba Alawi." Hanifa aliomba kwa adabu, na Verediana alikuwa na muda, kwani mgonjwa mmoja hamalizi siku. Lakini siku moja Damari alikuja kumtembelea, akaketi naye barazani akisimulia jinsi mzazi mmoja alivyoanza kuvuja damu baada ya kujifungua, na yeye akiwa peke yake kwenye zamu.

"Nikamchoma oksitosini haraka haraka," Damari alisema, "nikaita watu."

"Yuniti ngapi?" Verediana aliuliza.

Damari alicheka, akidhani anataniwa. Kisha akaacha kucheka. "Kumi, Vere. Ya msuli. Umesahau kweli?"

"Nakutania bwana," Verediana alisema. Hakuwa anatania. Kitu alichokuwa akikisema hata usingizini siku za mitihani kilikuwa kimemtoka kichwani, na hakujua kimeondoka na vingapi vingine. Damari alipoaga, Verediana alimsindikiza hadi getini tu. Saa ya vidonge ilikuwa imefika.

Wiki tatu baadaye, alasiri moja, alikuwa nyuma ya nyumba akianika mashuka. Upepo wa Uyole ulikuwa mkali, ikabidi arudi ndani kuchukua vibanio, na alipopita dirishani kwa Bi Mwamvita akamwona. Bi Mwamvita alikuwa amejivuta mwenyewe hadi ukingoni mwa kitanda. Mkono wa kushoto, ule mzima, ulikivuta kikombe cha chai karibu, ukakiinua, akanywa. Hakumwaga hata tone. Akakirudisha mezani, akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga, akarudi kulala alivyolazwa.

Verediana alibaki pale dirishani. Kwanza alishikwa na hasira. Mwaka na zaidi amemnywesha kwa kijiko! Halafu likamjia swali ambalo hakulipenda: ni lini alimwachia kikombe ajaribu? Chuoni waliwafundisha kwamba mgonjwa wa kiharusi anyanyuliwe, afanyishwe mazoezi, aachiwe afanye anachokiweza. Wiki za mwanzo alifanya hivyo. Kisha akaacha, kwa sababu kumlisha ni haraka na hakuchafui shuka, na kwa sababu alipenda kuitwa roho ya mama. Kamba iliyomfunga ndani ya nyumba ile, upande mmoja alikuwa ameishika yeye mwenyewe.

Aliingia ndani, akavuta kiti.

"Bibi, nimekuona."

Bi Mwamvita aliangalia ukuta. Machozi yalianza kumtoka jicho la kushoto, kisha yote mawili. Ilimchukua muda kuyapata maneno.

"We... ukenda," alisema. "Nani... atakaa... na mie?"

Verediana alikuwa amejiandaa kwa uongo au ukaidi, si kwa hilo. Alifikiri siku za nyumba ile: Anwari dukani tangu alfajiri, mjukuu Alawi yuko Dodoma, Hanifa anasalimia akiwa mlangoni kwa sababu kila akiingia anaambiwa "hapana". Alimshika mkono Bi Mwamvita. "Nitaondoka, Bibi," alisema. "Sitakudanganya. Lakini nitakuacha umekaa, unakula mwenyewe, na mtu wa kuongea naye yupo."

Siku hiyo hiyo, Anwari aliporudi, Verediana alimweleza kwamba ataondoka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona yule bwana amekasirika.

"Sisi tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, Baba Alawi. Mngenikosea ningeshaondoka zamani."

"Tulikubaliana mpaka mama asimame."

"Ndiyo. Basi niacheni nimsimamishe."

Wiki zilizofuata zilikuwa za vita. Bi Mwamvita alimwaga uji, akautupa mto, akamtukana Verediana kwa maneno mapya ambayo kila mtu alidhani kiharusi kiliyachukua. Verediana aliweka kijiko kwenye mkono wa kushoto, akakaa kusubiri. Alimketisha ukingoni mwa kitanda dakika tano, kisha kumi. Alimwita Hanifa, akamwonyesha namna ya kumshika mgonjwa kiunoni badala ya kumvuta mkono, namna ya kupima presha na kuandika. Hanifa aliogopa. "Ananichukia, nesi," alinong'ona jikoni. "Tangu niolewe." Verediana alimjibu, "Basi ingia akuchukie karibu. Muulize habari za duka lake." Hanifa aliingia, akaambiwa hapana, akakaa hivyo hivyo. Siku ya nne aliuliza bei ya kitenge ilikuwaje miaka hiyo, na Bi Mwamvita, kwa kushindwa kuvumilia jibu la kijinga alilolitoa Hanifa mwenyewe, akamsahihisha.

Huku nyuma Verediana alikuwa ametuma maombi mapya, safari hii hakuchagua mji. Kituo kimoja cha afya wilayani Chunya kilimjibu: mkataba wa mwaka mmoja, wodi ya wazazi, afike tarehe mosi.

Bi Mwamvita alisimama siku ya Ijumaa. Alishika fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto, Hanifa kiunoni, Verediana mbele, akasimama kwa muda wa mtu kusoma Alhamdu yote hadi amina. Anwari alikuwa ndiyo kwanza anarudi msikitini. Alipomwona mama yake amesimama, alipiga magoti pale pale koridoni, akalia kama mtoto. Verediana naye alilia.

Walipokaa kunywa chai, alimwambia Anwari kuhusu Chunya.

Anwari aliweka kikombe chini. "Amesimama, alhamdulillahi," alisema kwa ile sauti yake ya upole. "Sasa atembee. Akishatembea tu, mwanangu, wallahi nitakupeleka mwenyewe kwa gari."

Verediana alimtazama usoni, akaona kwamba hakuwa mwongo. Aliamini kabisa anachokisema. Na mama akishatembea angetaka apande ngazi, na akishapanda ngazi angetaka aende Hija, na kila mara angeomba kwa upole huo huo. Hakubishana naye. "Tarehe thelathini na moja nitaondoka, Baba Alawi," alisema. Akaondoa vikombe mezani.

Asubuhi ya siku hiyo Bi Mwamvita alifunga mdomo. Hanifa alikuwa na kijiko, sahani ya viazi imepondwa, anambembeleza. Verediana alisimama mlangoni, begi mkononi, akaangalia mdomo ule uliofungwa na macho yaliyomkodolea. Alijua kabisa kwamba akiweka begi chini na kushika kijiko, mdomo utafunguka. Alisema, "Kwaheri, Bibi. Shikamoo." Bi Mwamvita hakuitikia. Akatoka, akafungua geti mwenyewe, akatembea hadi barabara kuu malori yanapoegeshwa, na hakujua kama ametenda haki au dhambi.

Chunya ilimpokea kwa joto na vumbi. Mkuu wa kituo, Zabron, mtu mfupi mwenye haraka, alimuuliza swali moja siku ya kwanza.

"Umezalisha wangapi?"

"Chuoni ishirini na mbili. Baada ya hapo, hakuna. Nimesahau mengi. Naomba nianze na mtu wa kunisimamia."

Zabron alimwangalia. "Wengi huwa wananidanganya hapo," alisema, akamkabidhi kwa mkunga mzee aitwaye Bertha, ambaye kwa mwezi mzima alimfokea kuanzia asubuhi hadi anapovua aproni. Wake za wachimbaji walikuja kwa pikipiki, wake za wakulima wa tumbaku walikuja kwa miguu. Maji yalikatika. Chumba alichopanga kilikuwa cha bati, na hicho ndicho Yusta alichokipigia kelele kwenye simu: umeacha vigae, umekwenda kukaa kwenye oveni.

Hanifa alimpigia baada ya siku tatu. Bi Mwamvita alikuwa amekataa kula siku nzima na nusu, kisha akaomba chai na chapati, akala mwenyewe. Hajamtaja Verediana hata mara moja. Anwari naye hataki hata atajwe. "Lakini mimi nakusalimia," Hanifa alisema. "Jana amenifundisha kupima kitambaa kwa dhiraa."

Verediana alitaka kuuliza presha iko ngapi. Kabla hajauliza, Bertha alimwita kutoka ndani, kwa jina lake lote na kwa hasira, kwamba mzazi wa kitanda cha pili yuko tayari na yeye anaongea na simu. Akakata simu, akaingia kunawa mikono.